Chenga Katika Picha ya Kidonda: Kamera za Zamani, Mwanga Hafifu na Kipimo Kinachodanganyika

Kamera ya dijitali iliyotoka kiwandani mwaka 2004 au 2005 haihesabiwi tena kuwa kifaa cha kisasa, lakini kufanya kazi bado inafanya. Shata yake hufunguka na kufunga kama kawaida, betri ya badala hupatikana, na lenzi iliyokuja nayo, ikiwa haikuota ukungu, huchora taswira ileile iliyoichora ilipokuwa mpya. Ndiyo maana kamera za aina ya Canon EOS 300D, Nikon D70, Nikon D40 na Canon EOS 5D hukutwa hata leo kwenye kabati za kliniki, ama kwa kutolewa msaada ama kwa kununuliwa zikiwa zimekwisha kutumika.

Kazi zinayopewa humo si ya mapambo. Picha ya kidonda cha mguu wa mgonjwa wa kisukari huambatana na barua ya rufaa. Picha ya baka lililopauka mgongoni hutumwa kwa daktari wa ngozi aliye mbali, naye huulizwa kama ni ukoma, utangotango au jambo jingine. Daktari huyo haioni ngozi yenyewe, anaiona picha. Ikiwa picha imejaa chenga, yaani zile nukta nukta za rangi zisizokuwa na asili katika ngozi ya mgonjwa, basi anatakiwa kutenganisha kwa macho yake vipele vya kweli na vipele vilivyotengenezwa na mashine.

Watu wengi wakiziona chenga hulaumu umri wa kamera. Lawama hiyo ina ukweli, lakini haijakamilika. Sehemu kubwa ya chenga zinazoharibu picha za wodini huanzia kwenye kosa la upimaji wa mwanga: kamera imeambiwa, au imejiambia yenyewe, kwamba mahali hapo pana mwanga mwingi kuliko ulioifikia ngozi. Kamera duni iliyopima vizuri hutoa picha yenye manufaa zaidi kuliko kamera bora iliyopima vibaya, na kwa kamera za kizazi hicho tofauti hiyo ni kubwa mno.

Chenga hutoka wapi

Mwanga huifikia kamera kwa vipande vidogo viitwavyo fotoni, na fotoni hazina nidhamu ya kuwasili. Pikseli mbili zilizo jirani, zikiutazama mwanga uleule kwa muda uleule, hazitapokea idadi inayolingana. Tofauti hiyo hufuata kanuni inayojulikana: ukubwa wake ni sawa na kipeuo cha pili cha idadi ya fotoni zilizokusanywa. Pikseli iliyopata fotoni 10,000 huyumba kwa takribani 100, yaani asilimia 1. Iliyopata 100 huyumba kwa 10, yaani asilimia 10. Mwanga ukipungua, yumbayumba yenyewe hupungua pia, ila uzito wake mbele ya kile kinachotakiwa kuonekana huongezeka. Hakuna kiwanda kinachoweza kuifuta chenga ya aina hii, kwa kuwa ni tabia ya mwanga wenyewe.

Aina ya pili huzaliwa ndani ya kamera. Kihisi, yaani kile kipande cha silikoni kinachopokea taswira, hugeuza fotoni kuwa elektroni; elektroni hizo husomwa, hukuzwa na kubadilishwa kuwa namba. Kila hatua ya safari hiyo huongeza makosa madogo. Vihisi vya CCD, ambavyo wazo lake lilibuniwa na Willard Boyle na George Smith katika maabara za Bell nchini Marekani mwaka 1969 na kuwapatia Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2009, hupitisha chaji ya pikseli zote kuelekea njia chache za kutokea. Vihisi vya CMOS huweka vikuzaji vidogo ndani ya kila pikseli. Kamera za miaka ya 2003 hadi 2008 ziko katikati ya mpito kutoka teknolojia ya kwanza kwenda ya pili, na ndiyo sababu kuzilinganisha kuna mafunzo.

Ipo pia chenga itokanayo na joto. Silikoni yenye joto huachia elektroni hata gizani, na kiasi chake huongezeka takribani maradufu kwa kila nyuzi joto 6 hadi 8 za Selsiasi. Hata hivyo athari hii huonekana hasa katika picha zinazopigwa kwa sekunde nyingi, na hakuna anayefungua shata kwa nusu dakika akipiga picha ya jipu. Kwa kazi ya kliniki inatosha kujua kwamba kamera haiachwi juani wala juu ya dashibodi ya gari.

Kamera nne na ukubwa wa vihisi vyao

Kipimo cha kwanza cha uwezo wa kamera gizani ni eneo la kihisi. Megapikseli, ambazo ndizo huandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, huja baadaye. Canon EOS 5D, iliyotangazwa mwaka 2005, ina kihisi cha CMOS chenye upana wa milimita 35.8 na urefu wa milimita 23.9. Nikon D70 ya mwaka 2004 ina kihisi cha CCD cha milimita 23.7 kwa 15.6, chenye megapikseli 6.1. Ukizidisha, 5D ina eneo lililo zaidi ya mara mbili ya lile la D70. Kamera ndogo ya mfukoni ya miaka hiyohiyo mara nyingi ilikuwa na kihisi cha takribani milimita 5.8 kwa 4.3, ambalo ni eneo dogo kuliko la 5D kwa zaidi ya mara thelathini. Tundu la lenzi na kasi ya shata zikiwa sawa, mwanga wote unaokusanywa hufuata eneo hilo. Kamera ya mfukoni ikipandishwa hadi ISO 400 katika chumba chenye taa moja, picha zake huchafuka kiasi cha kumkatisha tamaa mtumiaji, na hilo halina dawa zaidi ya kuongeza mwanga.

Ukubwa si kila kitu, lakini. Nikon D90 ya mwaka 2008 ina kihisi chenye ukubwa unaokaribia sana ule wa D70, ilhali kimegawanywa katika megapikseli 12.3, yaani kila pikseli ni ndogo zaidi. Kwa hesabu ya haraka mtu angetarajia D90 iwe na chenga nyingi. Kinyume chake ndicho kilichotokea: kihisi chake cha CMOS hunasa fotoni kwa ufanisi zaidi na husomwa kwa makosa madogo zaidi, hivyo hufika ISO 1600 na hata 3200 kwa usafi ambao D70 haikuweza kuufikia. D70 huanzia ISO 200 na kikomo chake ni 1600, na hapo kwenye 1600 maeneo ya kivuli huanza kupoteza maumbo madogo. Anayechagua kati ya kamera mbili zilizotumika zenye bei zinazokaribiana ana sababu ya kuitafuta ile ya baada ya mwaka 2007.

Nikon D40 ya mwishoni mwa mwaka 2006 na Canon 300D ya mwaka 2003 hukaa katika kundi moja na D70. Ni kamera nyepesi, zenye megapikseli sita na ushee, na megapikseli sita zatosha kabisa kwa picha ya kidonda kinachojaza fremu. Hoja kwamba picha ya kitabibu yahitaji megapikseli ishirini hutoka kwa wauzaji.

Kipima-mwanga hakijui anachokitazama

Kipima-mwanga cha kamera hupokea mwanga ulioakisiwa na kitu, si mwanga unaokiangukia kitu hicho. Hakina namna ya kujua kama mbele yake pana shuka jeupe lililo kivulini au blanketi jeusi lililo juani. Kwa hiyo hufuata dhana moja ya kale: kwamba vitu vyote vikichanganywa, wastani wake ni rangi ya kijivu cha kati, kile ambacho wapiga picha hukiita kijivu cha asilimia 18. Chochote kinachowekwa mbele ya kipimo hicho, kamera hujaribu kukigeuza kijivu.

Mguu wa mgonjwa ulazwe juu ya shuka jeupe. Shuka safi linaweza kuakisi asilimia 90 ya mwanga. Kamera ikilitazama zaidi shuka, hudhani chumba kina mwanga tele na hupunguza mwangaza kwa hatua mbili na zaidi, kila hatua ikiwa ni kuukata mwanga nusu. Shuka hutoka la kijivu, na mguu huzama kivulini.

Hesabu ya mfano itaonyesha gharama yake. Tuseme katika picha iliyopimwa sawasawa shuka lingeipatia kila pikseli fotoni 10,000, na ngozi nyeusi inayoakisi sehemu ndogo ya mwanga ingeipatia 1,000. Yumbayumba ya hizo 1,000 ni kama 32, yaani asilimia 3 hivi. Kamera ikipunguza mwanga kwa hatua mbili, ngozi hubaki na fotoni 250, na yumbayumba hupanda hadi asilimia 6 na zaidi. Juu yake huongezwa makosa ya usomaji, ambayo hayakupungua hata kidogo kwa kuwa hayategemei mwanga. Mhudumu akiifungua picha hiyo kwenye kompyuta na kuing'arisha ili mguu uonekane, huwa ameng'arisha na chenga zake. Kwenye Canon za kipindi hicho, 5D ikiwamo, maeneo yaliyopigwa gizani kisha yakang'arishwa hutoa hata mistari iliyonyooka inayokatiza ngozi.

Hapa ndipo ulipo ushauri unaowashangaza wengi: usiogope namba kubwa ya ISO. Anayepiga kwa ISO 200 akitumaini usafi, kisha akatoa picha yenye giza na kuing'arisha baadaye, hupata matokeo mabaya kuliko aliyepiga kwa ISO 800 na kupata mwangaza sahihi papo hapo. Katika kamera za wakati huo ukuzaji wa ISO hufanyika mapema, kabla ya sehemu kubwa ya makosa ya usomaji kuongezwa, hivyo alama ya ngozi huyashinda makosa hayo.

Namna ambavyo kamera hizi hupima hutofautiana, na mwenye kamera ni vyema aijue tabia ya ile aliyo nayo. Canon 300D haimpi mtumiaji nafasi ya kuchagua aina ya upimaji. Kwa kawaida huigawa fremu katika kanda 35 na kuamua yenyewe. Ila kitufe chenye alama ya nyota, kikibonyezwa, huifanya ipime asilimia 9 ya katikati tu na kulifunga jibu hilo. Kitufe hicho kidogo ndicho kinachoiokoa kamera hii katika wodi. 5D ina kanda 35 vilevile, lakini imeongezewa upimaji wa nukta unaotazama asilimia 3.5 ya katikati. D70 ina upimaji wa nukta wa takribani asilimia 1, na D40 wa asilimia 2.5. Tofauti moja huwapotosha wanaohama kutoka kampuni moja hadi nyingine: katika Canon hizi nukta hubaki katikati ya fremu daima, ilhali katika Nikon huifuata alama ya kulenga iliyochaguliwa. Mhudumu aliyezoea Canon akiishika D70 ambayo alama yake ya kulenga iko pembeni, atapima shuka akidhani anapima kidonda.

Upimaji wa jumla wa Nikon husoma pia rangi, kwa kutumia kihisi cha pekee chenye pikseli 1,005 katika D70 na 420 katika D40. Ule wa kanda 35 wa Canon za wakati huo haukuona rangi. Kwa mandhari ya nje jambo hilo lina uzito wake. Kwa ngozi iliyozungukwa na shuka jeupe, yote miwili hudanganyika, na upimaji wa nukta huishinda.

Ngozi nyeusi, ngozi nyeupe, na kiganja

Dhana ya kijivu cha kati haina ubaya kwa nia, ila ina ubaya kwa matokeo. Historia ya picha za rangi inafahamika: katika enzi za filamu, maabara za Amerika Kaskazini zilisawazisha rangi kwa kadi zenye sura ya mwanamke mweupe, zikijulikana kama kadi za Shirley, na ngozi nyeusi ikaachwa ijitegemee. Kamera za dijitali hazikuzirithi kadi hizo, lakini mwenye ngozi nyeusi bado hubeba mzigo mkubwa wa makosa ya upimaji, kwa sababu ngozi yake huangukia upande wa kivuli, na kivulini ndiko chenga zinakoishi.

Kwa daktari madhara yake ni bayana. Wekundu wa ngozi iliyovimba, ambao vitabu vingi huuonyesha kwenye ngozi nyeupe, kwenye ngozi nyeusi huja kwa rangi ya zambarau au kahawia iliyokolea. Picha iliyokosa mwanga huifuta tofauti hiyo. Mabaka ya saratani ya Kaposi, yenye rangi ya zambarau, huweza kuyeyuka ndani ya ngozi inayoyazunguka. Chenga za rangi, zilizo nyekundu na kijani, hufanana na madoa madogo ya damu chini ya ngozi, au huyaficha yaliyopo. Na programu ya kamera inayojaribu kuzifuta chenga hulainisha kila kitu pamoja nazo: magamba ya ngozi, vinyweleo, ukingo wa kipele. Picha hupendeza, na habari hupotea.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Ngozi nyeusi ikijaza fremu nzima, kipima-mwanga huiona kuwa ni giza na huongeza mwanga hadi iwe kijivu. Hapo chenga hupungua, ila ngozi hupauka; na baka la ukoma, ambalo dalili yake ya macho ni kupauka kuliko ngozi ya jirani, hupungukiwa na tofauti iliyotakiwa kuonekana. Kwa mtu mwenye ualbino mambo hugeuka: ngozi yake ikijaza fremu hutolewa yenye giza kuliko ilivyo, na ikiwa amekaa mbele ya pazia jeusi huungua kwa mwanga hadi mabaka ya mwanzo yaletwayo na jua yasionekane. Mhudumu anayefuatilia ngozi hiyo kwa ajili ya dalili za saratani hana budi kulijua hili kabla ya kubonyeza kitufe.

Dawa yake ni kuipa kamera kitu kisichobadilika cha kupima. Kadi ya kijivu ndiyo bora: huwekwa pale ilipo ngozi, ikatazama upande uleule wa mwanga, kamera ikaipima kwa nukta, kisha ikaondolewa. Pasipo kadi, kiganja cha mkono husaidia. Rangi ya viganja haitofautiani sana baina ya watu kama itofautianavyo rangi ya migongo ya mikono yao, na kwa kawaida kiganja huakisi mwanga takribani mara mbili ya kijivu cha kati. Kwa hiyo mpiga picha hukipima kiganja chake kabla ya kuvaa glavu, kisha huongeza hatua moja. Mwangaza ukishajulikana, kamera huwekwa katika hali ya mkono, herufi M, na namba haziguswi tena mpaka taa au dirisha libadilike.

Wiki ya kwanza na wiki ya nne

Hali hiyo ya mkono ina umuhimu wa pekee kwa kidonda kinachofuatiliwa. Mgonjwa wa kisukari hupigwa picha siku ya kwanza, bandeji jeupe likiwa limefunuliwa na kuachwa kando ya mguu. Wiki ya nne hupigwa tena, safari hii bandeji limeshaondolewa na mguu umewekwa juu ya kitambaa cha kijani. Kamera ikiachwa ijiamulie, picha ya kwanza itakuwa na giza na ya pili itang'aa. Tishu iliyokufa, iliyo nyeusi, itaonekana imepungua. Utando wa manjano utaonekana umepauka. Nyama mpya itaonekana imechangamka. Kidonda chenyewe huenda hakijasogea. Au huenda kimezidi, na mwangaza wa picha ya pili umelificha hilo. Maamuzi ya kubadilisha dawa, ya kumrudisha mgonjwa chumba cha upasuaji au ya kumruhusu aende nyumbani hayafanywi kwa picha pekee, lakini picha huyasukuma.

Njia ya kulinda mfululizo huo ni ya gharama ndogo. Kitambaa kimoja kisichong'aa, cha kijivu au kijani, hutengwa kwa kazi hiyo na kufuliwa kila baada ya mgonjwa. Rula ya karatasi yenye tarehe na namba ya jalada huwekwa kando ya kidonda, na kipande cha kadi ya kijivu huingizwa ndani ya fremu. Atakayeitazama picha baadaye akikuta kijivu kimekuwa cha buluu au kimekolea, atajua ni picha iliyobadilika.

Rangi nyekundu yahitaji tahadhari nyingine. Kamera kadhaa za zamani, D70 ikiwamo, huonyesha histogramu moja tu ya mwangaza wa jumla. Kidonda chenye nyama mpya huakisi nyekundu kwa wingi, kiasi kwamba sehemu nyekundu ya faili huweza kujaa na kumwagika wakati histogramu ya jumla bado inaonekana salama. Matokeo ni bonge moja la wekundu lisilo na chembe wala mikunjo. Katika kidonda chekundu ni heri kupunguza theluthi moja au mbili za hatua na kuhifadhi faili ghafi. Faili ghafi ya kamera hizi ina ngazi 4,096 za mwangaza kwa kila pikseli, na JPEG ina 256 kwa kila rangi. Marekebisho madogo ya baadaye huvumilika katika ya kwanza.

Taa, dirisha na flashi

Kabla ya kugusa ISO, mhudumu afungue pazia. Dirisha lililo upande wa kivuli hutoa mwanga mwingi, laini na wenye rangi zote, jambo ambalo taa chache za wodini huliweza. Kusogeza kitanda mita mbili kuelekea dirishani huweza kuokoa hatua mbili au tatu za ISO. Faragha ya mgonjwa huja kwanza, hivyo skrini ya kitambaa iwekwe upande wa mlango, si upande wa dirisha la juu.

Balbu ya manjano ya zamani ina upungufu mkubwa wa mwanga wa buluu. Kamera ikisawazisha rangi ili shuka liwe jeupe, hulazimika kuikuza sehemu ya buluu kupita nyingine, na chenga nyingi za picha hiyo hutoka huko. Umanjano wa mtoto mchanga usikadiriwe kamwe kwa picha ya aina hiyo. Kipimo chake ni cha damu au cha kifaa maalumu. Taa za tyubu nazo hupepesa. Umeme wa Afrika Mashariki hubadilika mara 50 kwa sekunde, hivyo taa za tyubu zenye balasti ya zamani hung'aa na kufifia mara 100 kwa sekunde. Shata ikifunguliwa kwa 1/250 ya sekunde, picha moja huweza kutoka nzuri na inayofuata ikatoka na giza lenye umanjano, na kipima-mwanga kikasingiziwa. Kasi ya 1/50 au 1/100 hukamilisha mzunguko mzima na kuondoa tatizo. Kwa kasi ya 1/50 mikono hutikisika. Viwiko viegemezwe kwenye ukingo wa kitanda au mgongo wa kiti.

Flashi iliyomo juu ya kamera ni msaada wa mwisho. Hung'ariza kidonda chenye majimaji hadi kiwe na madoa meupe, na kwa picha ya karibu lenzi huweka kivuli chake ndani ya fremu. Ikibidi itumike, mpiga picha asogee nyuma kidogo, akuze kwa lenzi, na aiinamishe kamera ili mng'ao ukimbilie pembeni.

Jaribio la saa moja

Kliniki yenye kamera mbili za zamani haina haja ya kusoma sifa zao ili kujua ipi ifanye kazi gani. Mhudumu mmoja aliye mzima alaze mkono juu ya shuka jeupe, kadi ya kijivu ikiwa kando, katika chumba kilekile kinachotumika na kwa saa ileile ya kliniki. Kila kamera ipige kwa ISO 200, 400, 800 na 1600, kwanza ikijiamulia yenyewe, kisha kwa mwangaza uliopimwa kwenye kadi. Picha zitazamwe kwenye kompyuta, zikiwa zimekuzwa hadi pikseli moja ya picha iwe pikseli moja ya kioo. Kioo cha nyuma cha D70 kina ukubwa wa inchi 1.8 tu, na hakuna chenga inayoonekana humo. Swali la kuuliza ni dogo: vinyweleo na mistari ya ngozi vinaonekana mpaka ISO ipi? Namba hiyo iandikwe kwenye utepe na kubandikwa mgongoni mwa kamera. Wanaoshika zamu hubadilika, utepe hubaki.

Jaribio hilo hufichua pia vumbi. 300D, D70, D40 na 5D hazina mtambo wa kujisafisha kihisi, na punje iliyokaa juu yake hutoa doa jeusi lenye ukungu, hasa tundu la lenzi likifinywa. Doa linaloonekana mahali palepale katika picha za wagonjwa watatu si la mgonjwa yeyote kati yao.

Mgonjwa anayepigwa picha

Mgonjwa anayo haki ya kuuliza picha ni ya nini, nani ataiona na itahifadhiwa wapi, na anaweza kukataa bila kupoteza huduma. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu mwaka 2019, na Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu mwaka 2022. Akikubali, anaweza kusaidia picha yenyewe: asipake mafuta yanayong'aa asubuhi ya miadi, avue bangili au cheni iliyo karibu na kidonda, na aseme kama anaona ngozi yake kwenye kioo cha kamera haifanani na anavyoiona nyumbani. Hakuna anayeijua rangi ya ngozi ile kuliko yeye.

Kamera za zamani zina faida moja kwake ambayo simu haina: nyingi haziunganishwi na intaneti, na picha haiwezi kuruka kwenda mahali pengine kwa bahati mbaya. Lakini kadi yake hutoka kirahisi. Kufuta picha kwenye kamera huondoa jina lake katika orodha tu, na data yenyewe hubaki mpaka iandikwe juu yake nyingine. Kadi ya CompactFlash iliyochomolewa kwenye D70 na kutiwa mfukoni huwa imebeba picha za wagonjwa wote waliopigwa tangu ilipofutwa mara ya mwisho, na aghalabu baadhi ya waliopigwa kabla ya hapo.